Mkoromo wa Babu Omari

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Kwamsisi kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekoroma, naye hakuwa na jino hata moja. Alikuwa mdogo wangu Omari, mtoto wa miezi mitatu. Akilala mchana chumbani kwa mama, mgeni aliyeketi barazani alishusha sauti na kuuliza ni mzee gani amepumzika ndani. Tulimpeleka akamwone. Wengine walicheka, wengine waliaga mapema kuliko walivyokusudia.

Mimi mwenyewe nacheka nikikumbuka, lakini siku zile nyumbani kwetu hapakuwa na wa kucheka. Kabla ya Omari, mama alikuwa amezika mtoto mwingine, mdogo wangu wa kike aliyeitwa Zuhura. Zuhura naye alianza kwa kupumua kwa kelele, kisha kikohozi, kisha homa, na hakumaliza miezi sita. Wanawake waliokuja msibani walisema kilikuwa kimeo. Walisema kile kinyama kinachoning'inia kooni kilirefuka kikamziba, na kwamba kingekatwa mapema mtoto angekuwepo. Waliyasema hayo kwa huruma kabisa, huku wamemshika mama mkono. Kilichomuua Zuhura hasa sikijui mpaka leo, na sidhani kama wao walikijua, ila maneno yao yalimwingia mama na hayakumtoka. Omari alipoanza kukoroma, mama akawa halali. Alikaa kitandani amemtazama mtoto kifuani, akihesabu pumzi.

Bibi yangu, mama mzaa baba, aliishi nasi, au niseme sisi tuliishi naye kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Baba alikuwa akikata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe na alirudi mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo walikuwa wanawake wawili na mkoromo mmoja, na kila mmoja aliusikia kwa masikio yake.

Hapa inabidi nimweleze babu. Babu Omari alifariki miezi michache kabla mdogo wangu hajazaliwa. Alikuwa mkulima wa mahindi, mpole, mwenye maneno machache, na alikoroma kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Siku za Ijumaa msikitini watu walikwepa kukaa karibu naye, maana akisinzia wakati wa hotuba waliomzunguka hawakupata neno. Mkoromo wake ulikuwa na namna yake: ulivutwa kwa kirefu, ukakatika kidogo mpaka ukadhani umekwisha, kisha ukamalizikia kwa kipenga chembamba puani. Bibi alisema wenzake wanafuga mbwa wa kulinda nyumba, yeye anaye Omari.

Mtoto alipozaliwa wa kiume akapewa jina la babu yake, kama ilivyo desturi yetu. Na kwa desturi ileile bibi akaanza kumwita "mume wangu". Mimi, kwa kuwa babu aliniita mchumba wake tangu natambaa, nilikuwa mke mwenza wa bibi. Utani huo upo kila nyumba kwetu, lakini bibi aliufanya kuwa kazi. Kumbeba Omari alikugawa kwa zamu, kama wake wawili wanavyogawana mume.

"Mke mwenzangu, njoo, zamu yako imefika," alikuwa akiniambia nikitoka shule, huku ananifunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. "Jua likishuka umrudishe. Na usinisengenye kwake."

Nilijivuna sana. Wenzangu walibeba wadogo zao wakinung'unika, mimi nilikuwa nimebeba mume.

Mkoromo ulipoanza, utani ule ukapata kitu kingine ndani yake. Asubuhi moja bibi alisimama mlangoni kwa mama akiwa na upawa mkononi, akasikiliza, akasikiliza tena, halafu akakaa chini palepale kizingitini. Alisema kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, kwamba mzee amerudi kupumzika. Baadaye alitueleza kwamba marehemu akimpenda aliyepewa jina lake huja kumtazama, na hujulikana kwa pumzi. Mtoto wa namna hiyo haamshwi kwa ghafla, moto haumzimikii chumbani, na kooni mwake hapitishwi chuma. Atakayemkata, amemkata mwenye jina.

Sijui kama Wazigua wote waliamini hivyo. Ukubwani nimewauliza wazee kadhaa, mmoja akakubali na wengine wakanicheka. Lakini bibi aliamini, na alianza kupika chakula kingi kidogo kuliko cha siku zote.

Sasa moto. Kwetu mzazi hukaa na mtoto karibu na moto mpaka arobaini iishe, na arobaini ya Omari iliisha vizuri tu. Moto ndio haukuisha. Babu enzi zake alilala na gogo linalofuka miguuni pa kitanda, iwe kipupwe iwe kiangazi, na bibi hakuona sababu ya kumbadilishia mazoea. "Omari hapendi baridi," alisema, na nikawa sijui ni Omari yupi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, dogo kama sinia, nalo limezibwa kwa gunia. Mkoromo ulipozidi, bibi alizidisha magunzi ya mahindi, akaongeza ubani, akanituma majani fulani kichakani ya kumpendezesha mgeni wake. Mkoromo ukazidi tena. Ilifika mahali ukiingia mle ndani unainama kwanza ndipo uone kitanda kilipo. Macho ya mama yalikuwa mekundu kutwa, nami nikadhani ni kulia tu.

Mama hakubishana na mkwewe. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kupanga. Siku za gulio alipita mzee mmoja wa vijiji vya mbali, na baiskeli yake, na kimfuko cha ngozi begani. Watu walimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa kukata vimeo, na alikuwa amewakata watu waliokuwa na wajukuu tayari. Alipita akiamkiwa kwa heshima kila uchochoro. Nilimwona mama akimsogelea siku moja gulioni, akiwa amejifunika kanga mpaka puani, wakaongea kidogo, na Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Njiani kurudi mama aliniambia, "Gulio lijalo atakuja nyumbani. Bibi yako asijue."

Niliitikia. Ningefanya nini?

Kati ya gulio lile na lililofuata ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Mahindi yalikuwa yanakomaa na nyani walikuwa wameshaanza ukorofi wao, kwa hiyo mchana nilipelekwa shambani kulinda, na Omari mgongoni. Tulikuwa na dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi ambacho mlinzi hukaa juu yake. Nikamlaza Omari kwenye kanga iliyokunjwa, nikapiga debe, nikawazomea nyani, nikakaa. Upepo ulikuwa unapita. Baada ya muda nikahisi kuna kitu kimepungua, nikatafuta ni nini, na nikakipata: palikuwa kimya. Omari alikuwa hakoromi.

Nilijua amekufa. Nasema nilijua, kwa sababu sikuwahi kumwona amelala bila kelele zile, na Zuhura nilimwona siku ya mwisho amelala kimya vilevile. Nikamwekea kidole puani na sikuhisi kitu kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka. Nikamshika mabega nikamtikisa. Akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa, akalia kwa nguvu hata nyani wakaondoka. Nami nikalia naye. Alipolala tena nilimwinamia mpaka jua likashuka, na muda wote ule alivuta pumzi laini, mdomo umefungwa.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Akiwa shambani analala kimya, akirudishwa chumbani anaanza.

Nilimwambia mama. Akasema ni kwa sababu ya kuwa wima mgongoni. Nikasema hakuwa mgongoni, alilala chali juu ya dungu. Akasema, "Mwajuma, wewe ni mtoto," na akaendelea kutwanga. Nikamwambia bibi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima, kisha akacheka kwa furaha.

"Umeona sasa?" alisema. "Babu yako hakuwa mtu wa kulala shambani. Alilala nyumbani kwake, kwenye moto wake."

Hasira niliyoipata siku ile ninaikumbuka. Nilikuwa nimeshika jambo la kweli mkononi, na wakubwa wawili niliowapenda kila mmoja alikuwa amelisukuma kando, huyu kwa hofu na huyu kwa mapenzi. Na gulio lilikuwa linakuja.

Fundi alifika asubuhi, jua likiwa halijachoma. Bibi alikuwa amekwenda kwa jirani kupura maharage, mama alihakikisha hilo. Fundi aliegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji ya moto na kijiko, akakaa juu ya kigoda barazani akafungua kimfuko chake. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kijiti chenye kisu kidogo kilichopinda ncha, cheusi kwa kutumika, na kichupa cha unga wa mizizi. Omari alikuwa bado amelala ndani, anakoroma. Mama aliniambia nichochee maji. Niliangalia kile kisu, kisha nikaangalia mikono ya mama ilivyokuwa inaviringisha ncha ya kanga, na nikatoka mbio.

Nilikimbia nikifikiri. Habari ya dungu bibi alishanijibu, nisingemwinua nayo. Kumwambia mtoto anakatwa kimeo, angeweza kusema tumwache mama afanye, maana watoto wengi walikatwa na yeye mwenyewe alikuwa amekatwa. Kwa hiyo nilipofika kwa jirani nilimwambia neno moja tu ambalo nilijua halina jibu.

"Bibi! Wanamkata Babu!"

Aliinuka na maharage yakamwagika. Alikuja bila ndala, na mimi niliyemwacha mwanzoni nilijikuta niko nyuma yake.

Tulipofika mama alikuwa ameshamnyanyua Omari kutoka kitandani, anamleta barazani penye mwanga. Bibi alimpita, akaenda kusimama mbele ya Fundi.

"Fundi, habari za nyumbani."

"Nzuri, mke wa Omari. Karibu."

"Nimekaribia, ni kwangu. Nauliza: umeomba ruhusa ya nani kumkata mume wangu?"

Fundi alicheka, akidhani ni utani. "Tulia, mama. Ni kazi ya kufumba na kufumbua."

"Sikatai," bibi alisema. "Lakini bado hajaamka. Msikilize kwanza. Ukishamsikiliza, kama hukumjua, kata."

Akamchukua mtoto mikononi mwa mama taratibu asiamke, akakaa mkekani, akamweka mapajani. Omari alivuta kwa kirefu, akakatisha, tukangoja, halafu kikaja kile kipenga chembamba puani. Akavuta tena. Fundi aliinama mbele na viwiko vyake juu ya magoti. Uso wake ulibadilika kidogokidogo, na nikamwona anaanza kukunja kile kitambaa, kisu kikiwa ndani, kona moja baada ya nyingine.

"Huyu namfahamu," alisema. "Msimu mzima tulilinda mahindi dungu moja, mimi na yeye. Sikupata usingizi hata siku moja."

Nilimtazama bibi, yule aliyeniambia babu hakuwa mtu wa kulala shambani. Hakunitazama.

Mama alipiga magoti mbele ya yule mzee. "Mzee wangu, nakuomba. Nilishazika mmoja. Nakuomba umkate."

"Mwanangu, mimi huyu sitamweza," alisema Fundi. Alinyoosha mkono wake wa kulia auone, na ulikuwa unatetemeka. "Na mkono ukiwa hivi haukati koo la mtu. Mpeleke zahanati wakamtazame."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mama alibaki amepiga magoti. Alilia kwa uchungu ambao sikuwa nimewahi kuuona, hata msibani, kwa sababu msibani alishikiliwa na watu na pale hakuna aliyethubutu kumshika. Alijua ni nani aliyekwenda kusema. Sikupigwa. Aliponyamaza alijifunga mtoto mgongoni akaniambia, "Vaa ndala zako twende."

Zahanati ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja. Nesi wa pale alikuwa binti wa Kishambaa kutoka Kwashemshi, mwembamba, mwenye sauti ya milimani na asiyependa kuzungushwa. Alimmulika Omari kooni kwa tochi, akamwekea sikio kifuani, akamtazama mbavu anavyopumua.

"Nani amesema kimeo?"

"Watu," mama alijibu.

"Kimeo chake ni cha kawaida. Kila mtu anacho, hata wewe unacho, hata hao watu. Kifua chake kiko safi. Pua ndiyo imeziba." Kisha akainamisha uso kwenye shali ya mtoto, akainusa, akainusa tena. "Mama, mtoto huyu mnamlea au mnamkausha? Ananuka kama samaki wa moshi."

Mama alijinusa kanga yake. Nilimwona anajinusa kama mtu anayesikia harufu ya nyumba yake kwa mara ya kwanza. Mimi sikungoja kuulizwa. Nikaeleza habari za dungu, upepo, kimya, na gogo miguuni pa kitanda, na yule nesi akawa mtu wa kwanza kuniacha nimalize na kisha kuniamini.

"Umesikia, mama? Mwanao ameshamaliza kazi yangu," alisema.

Alimweleza mama achemshe maji, atie chumvi kidogo sana, yakipoa amdondoshee tone moja moja puani kabla ya kumnyonyesha. Moto utoke chumbani, dirisha lifunguliwe. Alisema watoto wachanga wengine hukoroma kidogo kwa sababu tu njia zao za pua ni nyembamba, na hukua wakaacha. Lakini akimwona kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au anasita kupumua, au midomo inakuwa ya bluu, au anashindwa kunyonya, aje mbio bila kungoja kupambazuke. Na kisu kisimkaribie. Alishapokea watoto waliokatwa, alisema, na hakutaka kueleza zaidi mbele yangu.

Tulirudi alasiri. Mama aliingia moja kwa moja chumbani, akalitoa lile gogo kwa mikono yake likiwa linafuka, akaling'oa gunia dirishani. Bibi alikuwa amekaa uani.

"Mama, nesi amesema ni moshi," mama alimwambia. Alikuwa amejiandaa kwa vita, nilimwona shingo ilivyokaza.

Bibi alilitazama gogo pale chini lilipotupwa. "Sawa," alisema. Akalichukua akalipeleka jikoni, kile kibanda chetu cha nje, na hilo likawa neno lake lote.

Mkoromo ulipungua siku ya nne au ya tano. Ulibaki mwembamba, kisha ukawa wa kubahatisha, kisha siku moja tukagundua kwamba hatujausikia tangu juzi. Mama alilala. Alilala mchana mmoja mpaka chakula kikapoa, na jirani aliyekuja kuomba chumvi alirudishwa kwa ishara za mikono. Mimi nilitembea kijijini kama mganga mkuu.

Katika siku hizo za fahari yangu ndipo niliporudi kutoka shule adhuhuri nikakuta kitanda kitupu. Mama alikuwa shambani. Jikoni moshi ulikuwa unatoka kwa wingi, mweupe na mzito, kama wa magunzi mabichi. Nikaenda kuchungulia. Bibi alikuwa amekaa karibu kabisa na mafiga, Omari amelala mapajani mwake, na alikuwa amemwinamia mpaka sikio lake linakaribia pua ya mtoto. Alikuwa anangoja.

Nilielewa palepale. Na nilipoelewa, badala ya huruma nilipandwa na ujuzi. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimemshinda kila mtu.

"Bibi," nilimwambia, "ni moshi tu. Babu hakuwemo."

Hakushtuka wala hakukasirika. Alisema bila kuinua kichwa, "Na wa babu yako ulikuwa moshi vilevile. Kwani unadhani sikujua? Nimelala nao tangu naolewa."

Omari akakohoa. Kikohozi kimoja kidogo, kikavu. Bibi aliinuka haraka kuliko nilivyodhani magoti yake yanaweza, akatoka naye mpaka mlangoni, akanipa.

"Mtoe nje," alisema. "Zamu yako."

Akarudi ndani. Nilikaa na Omari kivulini upande wa upepo, akalala kimya, mdomo umefungwa. Bibi hakutoka jikoni mpaka adhana ya alasiri, na alipotoka alikuwa ameosha uso. Siku ile hakuidai zamu yake. Aliendelea kumwita Omari "mume wangu" mpaka alipofariki, lakini tangu siku ile ulikuwa utani mtupu, kama wa nyumba nyingine. Jambo la jikoni sikumwambia mama, wala mtu mwingine yeyote mpaka ninapoandika hapa.

Nimekuwa mtu mzima. Nashona nguo Manundu, mjini Korogwe, na wanawake wanaokuja kupimwa huja na watoto wao. Nikimsikia mtoto anakoroma nawauliza wanapikia wapi, wanalala wapi, kama wanafukiza ubani chumbani. Nawatuma kituo cha afya. Akitajwa mtu wa kukata kimeo naweka mkasi chini na nawasema mpaka waahidi. Kwa hiyo mtu asidhani nimebaki upande wa bibi katika habari ya moshi. Moto wake ndio ulioziba pua ya mdogo wangu, na alikuwa anauchochea kwa mapenzi.

Ila nikikaa peke yangu na cherehani siwezi kuacha kufikiri kwamba ukweli wangu wa dungu haukukizuia kile kisu hata kidogo. Kilichokizuia ni yale bibi aliyoyaamini, na mkono wa mzee mmoja uliotetemeka kwa kumkumbuka rafiki yake. Mimi nilijua hilo kabla ya wote. Niliyachukua mapenzi ya bibi kwa marehemu mumewe nikayapeleka mbio mpaka barazani, yakamwokoa Omari, na yalipokwisha kufanya kazi nikasimama mlangoni mwa jikoni nikamwambia hakuna kitu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukaa naye pale chini dakika mbili, nikasikiliza naye. Hilo linaniuma, na umri haujalipunguza.

Omari sasa ni baba wa watoto watatu, dereva wa lori, mwenye shingo nene na tumbo la kukaa kwenye usukani. Bibi alifariki yeye akiwa bado kijana mwembamba anayelala kimya. Mkoromo ulirudi alipovuka thelathini, bila moto, bila magunzi. Daktari alimwambia apunguze uzito na alalie ubavu, na kwamba umbo la pua na koo huwa linarithiwa. Nilipoambiwa hilo niliomba nirudiwe.

Ijumaa iliyopita alipita kwangu na mkewe. Walikula wali na maharage, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa ameshajinyoosha mkekani sebuleni, chali, amelala. Akaanza. Alivuta kwa kirefu, ukakatika, tukangoja, halafu kikaja kipenga chembamba puani.

"Wifi, unasikia balaa ninalolala nalo?" mkewe alisema, na akainuka akamgeuze ubavu, kama daktari alivyoelekeza.

Nilimshika mkono. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na kichwa cha mdogo wangu, nikainama.

"Mwache kidogo, wifi," nilimwambia. "Leo ni zamu yangu."